Roboti za Kubadilika Umbo Kabatini: Mchezo, Pambo au Sanamu?

SWALI

Sheikh wetu, mimi ninafanya biashara ya dagaa katika mwalo wa Kirumba hapa Mwanza, na mke wangu ni mtu wa Wete, Pemba. Tangu ujana wangu nimekuwa nikikusanya zile roboti za kuchezea ambazo ukizikunja zinakuwa gari, na ukizikunjua zinasimama kama mtu. Nyingine nilinunua Dar es Salaam, nyingine Nairobi, na nyingine nililetewa na jamaa kutoka Dubai. Sasa zimefika thelathini na kitu. Nilimpa fundi seremala anitengenezee kabati la vioo lenye taa, nikaliweka sebuleni kwenye ukuta wa upande wa ziwa. Siku za Jumamosi mimi na mwanangu wa miaka tisa huzitoa tukacheza pamoja.

Mwaka huu mama mkwe alikuja kututembelea. Siku ya kwanza alikataa kuswali sebuleni, akasema nyumba yenye masanamu malaika hawaingii. Siku ya tatu alizitoa zote kabatini, akazitia ndani ya gunia ili zichomwe. Nilizuia, mke wangu akanyamaza, na tangu siku hiyo chakula kinaliwa kimya. Lakini kilichoniumiza zaidi ni mwanangu. Tulimkuta ameficha moja ndani ya mkoba wake wa madrasa, na usiku akaniuliza: "Baba, malaika wameondoka kwetu kwa sababu yangu?" Nilikosa la kumjibu. Naomba unieleze: je, ni haramu kuwa nazo? Swala zetu zina hali gani? Nizichome, niziuze au nizirudishe kabatini? Na je, zina zaka?

JIBU

Sifa zote njema Anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allahu alayhi wa sallam), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baad:

Ndugu yetu, suala lako limekuja kutoka Mwanza lakini ni la nyumba nyingi za Unguja na Pemba pia, kwani vitu hivi siku hizi vimejaa madukani na watoto wanaletewa kila sikukuu. Kwa ajili hiyo tumeona tulijibu kwa urefu kidogo, ili kila familia ipate cha kurejea.

Jibu kwa ufupi ni hili. Kumpa mtoto vitu hivi achezee kuna ruhusa kwa kauli ya wanachuoni wengi. Kuvisimamisha katika umbo la mtu, ndani ya kioo chenye taa, mahali pa heshima pa nyumba, kumetoka nje ya ruhusa hiyo. Na bahati nzuri, kitu hiki hiki kilicholeta mzozo kimeumbwa kwa namna ambayo utatuzi wake hauhitaji moto wala gunia. Tafadhali soma mpaka mwisho, wewe na mama mkwe wako pamoja.

VITU HIVI NI NINI HASA

Msingi wa wanachuoni wetu ni kwamba hukumu juu ya kitu hufuata kukijua kitu chenyewe. Baadhi ya wazee hawajawahi kukishika mkononi kitu hiki, kwa hivyo tukieleze.

Kampuni ya Marekani iitwayo Hasbro ilikubaliana na kampuni ya Japani iitwayo Takara. Wajapani walikuwa tayari wanatengeneza roboti za kuchezea zinazokunjika kuwa magari na vifaa vyengine. Wamarekani wakazichukua, wakazipa jina moja la Transformers, wakampa kila mmoja jina lake na kisa chake, na mwaka 1984 zikaanza katuni za televisheni na majarida ya picha. Kiongozi wao, Optimus Prime, hukunjika kuwa kichwa cha lori chekundu na buluu. Mdogo wao wa manjano, Bumblebee, mwanzo alikuwa gari dogo la Volkswagen. Adui yao Megatron katika toleo la mwanzo alikunjika kuwa bastola. Filamu iliyotoka mwaka 2007 ndiyo iliyozifikisha kwa kizazi cha watoto wa leo.

La kuzingatia kifiqhi ni kwamba kitu hiki kina hali mbili. Katika hali moja ni gari, ndege au lori, yaani kitu kisicho na roho. Katika hali ya pili kina kichwa, macho, mikono na miguu, na kinasimama wima mfano wa binadamu. Kichwa, mara nyingi, hufichwa ndani ya kifua pale kinapokunjwa. Tuliweke hilo akilini, kwani tutalirudia.

FARASI WENYE MBAWA NDANI YA NYUMBA YA MTUME

Wengi wanapozungumzia jambo hili huchukua Hadithi moja na kuiacha nyengine. Mmoja huchukua Hadithi za makemeo akaharamisha kila kitu, na mwengine huchukua Hadithi za wanasesere wa Bibi Aisha (radhiya Allahu anha) akahalalisha kila kitu. Haki ni kuzikusanya.

Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alirudi kutoka safarini, vita vya Tabuk au Khaybar, na katika chumba cha Bibi Aisha kulikuwa na kidaka kilichofunikwa pazia. Upepo ukavuma, ukafunua upande wa pazia, wakaonekana wanasesere wake aliokuwa akiwachezea. Mtume akauliza ni nini hivyo, akajibiwa kuwa ni wasichana wake wa kuchezea. Akaona katikati yao farasi mwenye mbawa mbili zilizotengenezwa kwa vipande vya nguo. Akauliza: farasi ana mbawa? Bibi Aisha akamjibu kwani hukusikia kuwa Nabii Sulayman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume (s.a.w.) akacheka mpaka yakaonekana magego yake.

Sasa tazama Hadithi ya pili. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Bibi Aisha huyo huyo kwamba Mtume (s.a.w.) alirudi kutoka safarini, naye alikuwa ametundika mlangoni kwake pazia zito lenye picha za farasi wenye mbawa. Mtume akamuamrisha aliondoe, akaliondoa.

Nyumba ni ile ile, mke ni yule yule, na mnyama ni yule yule: farasi mwenye mbawa. Mara moja Mtume alicheka, mara nyengine aliamrisha kiondolewe. Tofauti ni nini? Wa kwanza alikuwa kitu cha kuchezea, anashikwa na kuangushwa, kisha anawekwa kidakani nyuma ya pazia. Wa pili alitundikwa juu, mlangoni, kama pambo la kila aingiaye kumtazama. Na katika mapokezi mengine ya Bukhari na Muslim, pazia lenye picha lilipokatwa na kufanywa mito ya kuegemea, Mtume (s.a.w.) aliitumia mito hiyo. Kitambaa ni kile kile. Kilichobadilika ni mahali pake na hadhi yake.

Huu ndio ufunguo wa suala lako. Uliza kitu ni nini, kisha uliza kimewekwa wapi na kwa ajili ya nini.

Kwa nini sheria ikashikilia sana mahali? Abdullah bin Abbas (r.a.), katika maelezo aliyoyapokea Bukhari, ameeleza kuwa Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr waliotajwa katika Surat Nuh walikuwa ni majina ya watu wema. Walipokufa, shetani aliwashawishi watu wao wasimamishe masanamu yao kwenye mabaraza waliyokuwa wakikaa. Hayakuabudiwa mwanzoni. Yalisimama tu barazani kama kumbukumbu, mpaka kizazi kile kilipoondoka na elimu ikapotea, ndipo yakaabudiwa. Hakuna anayesema wewe unaabudu plastiki. Lakini sheria hufunga njia tangu mlangoni, haingoji mtu afike mwisho wake.

KAULI ZA WANACHUONI

Kuhusu sanamu kamili la chenye roho, lenye kiwiliwili na kivuli, linalowekwa kwa pambo au kwa kutukuzwa, wanachuoni wa madhehebu zote wanakataza kulitengeneza na kuliweka. Hili halina mgogoro mkubwa.

Vitu vya kuchezea watoto vimetolewa katika katazo hilo. Qadhi Iyadh (aliyefariki mwaka 544 Hijria) ametaja ruhusa ya wanasesere kwa wasichana, na kwamba wanachuoni walio wengi wameruhusu pia kuwauza na kuwanunua. Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) amelinukuu hilo katika sherehe yake ya Sahih Muslim, na Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki 852 Hijria) amelieleza katika Fathul Bari. Na wapo waliosema kinyume: imepokewa kwamba Imam Malik alichukia mtu kumnunulia binti yake wanasesere, na Ibn Battal ameelekea kwenye kauli kwamba ruhusa ile ilifutwa. Kwa hivyo mwenye kujizuia ana salafu wake, na mwenye kuruhusu ana salafu wake, na jumhuri wako upande wa ruhusa.

Je, watoto wa kiume wamo? Vitabu vingi vya Kishafi, madhehebu ya wengi wetu visiwani na bara, vimewataja wasichana, kwa sababu kwao ni mazoezi ya kulea. Lakini ipo Hadithi ya Rubayyi bint Muawwidh (r.a.) katika Bukhari na Muslim, aliyeeleza kuwa walikuwa wakiwafungisha watoto wao wadogo saumu ya Ashura, wakawatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi. Mtoto akilia kwa njaa akipewa hicho mpaka ufike wakati wa kufuturu. Hapa hawakutengwa wa kike na wa kiume. Kwa msingi huo wanachuoni wengi wa zama zetu wameipanua ruhusa kwa watoto wote. Sheikh Yusuf al-Qaradawi katika kitabu chake cha Halali na Haramu ameruhusu wanasesere wa watoto, huku akikataza masanamu ya pambo.

Wapo pia wanachuoni wa sasa wanaosema: wanasesere wa Bibi Aisha walikuwa wa matambara, na hivi vya leo vina uso kamili, basi haviwi sawa. Ni hoja ya kuheshimiwa. Tunachosema ni kwamba roboti iko mbali na uso wa mtu kuliko mdoli wa plastiki mwenye nywele na kope, ingawa kichwa na macho inavyo. Mwenye kutaka kujihadhari zaidi, ajihadhari na nafsi yake, wala asimhukumu ndugu yake kwa haramu ambayo jumhuri hawakuisema.

YALIYO MAHUSUSI KWA ROBOTI HIZI

Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.) akamwambia kuwa riziki yake inatokana na kuchora picha. Ibn Abbas akamsomea makemeo aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.), mtu yule akabadilika rangi kwa khofu. Ndipo Ibn Abbas akamfungulia mlango: ikiwa hapana budi, basi achore miti na kila kisicho na roho. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Tazama hekima ya mwanachuoni huyu: hakumwacha mtu na makemeo peke yake, alimwonyesha pa kupita.

Na katika Hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Jibril (alayhis salaam) alichelewa kuingia nyumbani kwa sababu ya sanamu, pazia lenye picha na mtoto wa mbwa. Akaelekeza kichwa cha sanamu kikatwe ili libaki mfano wa mti, na pazia likatwe lifanywe mito. Wanachuoni wakafahamu kutokana na hapo kwamba kichwa ndicho kinachohukumu: kikiondoka, umbo la kiumbe limeondoka.

Sasa rudi kwenye roboti yako. Ukiikunja, kichwa kinaingia ndani, mikono inakuwa milango, miguu inakuwa magurudumu, na kilichobaki mbele ya macho ni lori. Lori halina roho, wala hakuna mwanachuoni aliyekataza kuweka lori dogo kabatini. Kwa hivyo ukipenda kuzipanga ndani ya kioo, zipange zikiwa magari, malori na ndege. Anaweza mtu kusema kuwa roboti bado imo ndani. Tunamjibu kuwa hukumu ya taswira inafungamana na umbo linaloonekana, na tambara ambalo Bibi Aisha alilifanya mto lilikuwa na nyuzi zile zile za pazia. Ama zile chache zisizokunjika, zinazobaki na umbo la mtu muda wote, hizo mahali pake ni ndani ya boksi la mtoto, si kabatini.

Wakazi wa Mwanza mna mfano wenu karibu. Pale mjini pana mtaa wa Makoroboi, uliopata jina lake kwa koroboi, taa ndogo ya mafuta ya taa ambayo sisi visiwani twaiita kibatari. Mafundi walichukua makopo matupu wakayakata, wakayafanya taa. Hakuna aliyeiangalia koroboi akasema hili ni kopo. Kila mtu alilipa jina la umbo lake jipya na kazi yake mpya.

SWALA NA MALAIKA

Swala mlizoswali sebuleni ni sahihi, wala hamtakiwi kuzirudia. Picha au sanamu mbele ya mwenye kuswali ni jambo la karaha, wala halibatilishi swala iliyotimiza nguzo na masharti yake.

Hata hivyo mama mkwe wako hakukosea kukataa kuswali mbele ya kabati lile. Kutoka Mwanza, kibla ni kaskazini ikiegemea kidogo mashariki, yaani kwa watu wa mjini ni upande wa ziwa. Na wewe umesema kabati liko kwenye ukuta wa upande wa ziwa. Maana yake kila mwenye kusimama kuswali sebuleni kwako anaelekea safu ya roboti zenye taa. Anas (r.a.) amesimulia katika Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alimuamrisha Bibi Aisha aliondoe pazia lake kwa sababu picha zake zilikuwa zikimjia katika swala. Na ipo Hadithi ya kishali cha nakshi, kisicho na kiumbe chochote, ambacho Mtume alikirejesha kwa Abu Jahm kwa kuwa kilimshughulisha katika swala yake. Basi hata zikiwa malori matupu, kabati lisiwe upande wa kibla. Lihamishie ukuta mwengine.

Ama malaika, wanachuoni wamefafanua. Wanaokusudiwa katika Hadithi ni malaika wa rehema wanaozunguka kwa baraka na kuomba maghufira. Malaika wanaoandika amali na wanaomhifadhi mja hawamwachi. Imam Khattabi (aliyefariki 388 Hijria) amesema kuwa wanaozuilika ni kwa picha iliyo haramu kuwekwa, siyo ile iliyoruhusiwa kama inayokanyagwa na kudharauliwa. Imam Nawawi yeye ameona katazo ni la jumla. Kwa kauli ya Khattabi, kitu cha mtoto cha kuchezea kilichoruhusiwa hakiwafukuzi malaika. Na mwenye kutaka kutoka katika khilafu hiyo, avifunike vikishachezewa, kama vilivyofunikwa kidakani kwa Bibi Aisha.

VISA VYAKE NA ITIKADI YA MTOTO

Lipo jambo ambalo wazazi hulisahau wakizozana juu ya plastiki, nalo ni kisa kinachokuja na plastiki hiyo. Katika filamu ya 2007 kuna mchemraba unaoitwa AllSpark, ambao ukigusa mashine huifanya hai. Katika baadhi ya visa vyao kuna kiumbe mkubwa anayetajwa kama mwenye kuwaumba. Mtoto wa miaka tisa anaposikia hayo mara kwa mara, huenda yakamkaa.

Dawa yake ni mazungumzo. Mkiwa mmekaa naye Jumamosi, muulize: nani anatoa roho? Mwambie kuwa aliyebuni mchezo huu ni mtu, na akili ya mtu huyo ameipa Allah, lakini uhai hautoki kwenye mchemraba wala kiwandani. Makemeo ya wenye kutengeneza taswira, kwamba Siku ya Kiyama watatakiwa wazitie roho nao hawataweza, yanafundisha jambo hilo hilo. Mtoto akilifahamu hili kutoka kwako, huku roboti ikiwa mkononi mwake, amepata somo la tauhidi ambalo hatalisahau.

MALI, BIASHARA NA ZAKA

Allah Ametukataza israfu, na Amewataja wenye kufuja katika Surat al-Israa kuwa ni ndugu wa mashetani. Israfu haipimwi kwa bei peke yake, hupimwa kwa kilichoachwa. Kama nafaka ya mke na watoto imetimia, madeni yamelipwa, ada ya skuli na madrasa imetoka, zaka imetolewa, na wazazi hawakusahauliwa, basi kiasi kidogo cha mali kwa furaha ya halali hakina lawama. Lakini mtu anayekopa ili akamilishe mkusanyo wake, au anayeficha bei asimwambie mke wake, huyo ajitazame. Kukusanya kuna tabia ya kutokwisha: kila ukipata cha thelathini, moyo unakiona cha thelathini na moja.

Katika kununua, jihadhari na mambo mawili. La kwanza ni visanduku vilivyofungwa ambavyo mnunuzi hajui ndani kuna nini, analipa bei moja kwa bahati ya kupata cha thamani. Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharar, kama alivyopokea Muslim, na hii ni sampuli yake. La pili ni nakala za bandia zinazouzwa kwa jina la asili. Kununua kitu cha bei rahisi ukijua ni cha bei rahisi ni jambo moja, kumuuzia mtu nakala ukimwambia ni asili ni ghushi, na Mtume (s.a.w.) amejitenga na mwenye kughushi.

Angalia pia usalama. Baadhi ya roboti zina betri ndogo za duara, na betri hizi mtoto mdogo akizimeza zinaunguza koo na tumbo kwa muda wa saa chache. Kanuni ya sheria ni kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kama kuna mtoto anayetambaa nyumbani, hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu.

Ama zaka: kitu ulichokinunua kwa matumizi au burudani yako hakina zaka, hata bei yake ikipanda. Ikiwa uliinunua roboti tangu mwanzo kwa nia ya kuiuza upate faida, hiyo ni mali ya biashara. Utaikadiria thamani yake mwaka wa Hijria unapotimia, uichanganye na mali zako nyengine za biashara, na jumla ikifika kiwango cha gramu 85 za dhahabu utatoa asilimia 2.5. Na nia ya kuuza iliyokujia baadaye, kwa kauli ya jumhuri, haikigeuzi kitu kuwa mali ya biashara mpaka ukiuze. Kwa hivyo hizi zako hazina zaka. Dagaa lililoko ghalani Kirumba ndilo lenye hesabu, nalo usilisahau.

KUCHOMA, KUUZA AU KUBAKISHA

Usizichome. Kitu kinachoweza kutumika kwa njia ya halali hakiharibiwi, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza kupoteza mali. Na zile ulizomkabidhi mwanao zikawa zake, ni mali ya mtoto. Wewe mwenyewe ukiwa walii wake huna ruhusa ya kuiharibu, sembuse mwengine. Angelichoma mama mkwe wako bila ya idhini, lingekuja suala la dhamana, na isingependeza kufikia huko baina ya watu wa nyumba moja.

Lakini usimchukulie kama adui. Mama huyu ameingia safarini kutoka Pemba, amevuka bahari na nchi kavu kuja kuwatazama, na alipoona jambo aliloogopa juu ya wajukuu wake hakunyamaza. Hiyo ni ghera ya dini, na chanzo chake ni mapenzi. Kosa lilikuwa katika njia. Nawe ulikosea pia kwa kuliweka kabati kwenye kibla, na kwa kusimamisha roboti thelathini katika umbo la watu mahali pa kupokelea wageni. Kila mmoja ana la kukiri mbele ya mwenzake.

Ukitaka kupunguza, wauzie wenye watoto wa kuchezea, au wape mayatima wa mtaani kwenu siku ya Idi. Ukitaka kubaki nazo, fuata utaratibu huu:

1. Lihamishe kabati kutoka upande wa kibla.
2. Zilizomo ndani ya kioo ziwe katika umbo la magari na ndege tu.
3. Zile za kuchezea, zikiwa katika umbo lolote, zikae katika boksi au rafu ya chini ya mtoto, zishikwe na kuangushwa kama vitu vya kuchezea vyengine.
4. Rafu hiyo iwekewe pazia, na baada ya mchezo lifunikwe.
5. Wakati wa adhana mchezo unasimama, naye anakwenda na wewe msikitini.
6. Usiongeze nyengine mpaka mke wako ajue bei yake na aridhike.

Sisi watu wa pwani tunavijua vidaka. Katika nyumba zetu za mawe za zamani, Unguja na Lamu, kuta za ndani zilijengwa vidaka ambamo wazee walipanga sahani na bakuli za kauri zilizotoka ng'ambo. Kupenda kupanga kitu kizuri si jambo geni kwetu, wala haliharamishwi. Wazee walijua tu nini kinafaa kuonekana na nini kinafaa kukaa ndani.

NENO KWA MTOTO

Tumelibakisha la mwisho lile ambalo kwetu ni la mwanzo. Mwanao amelala na khofu kwamba amewafukuza malaika. Ndugu yetu, mpe jibu leo hii kabla hajalala.

Mwambie kuwa kalamu haijaanza kumwandikia dhambi, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mtoto hahesabiwi mpaka abaleghe. Mwambie kuwa malaika wanaomlinda hawajaondoka hata usiku mmoja. Mwambie kuwa Mtume wetu aliona vitu vya kuchezea vya mkewe mdogo, na farasi wa ajabu mwenye mbawa akiwa katikati yao, wala hakuvivunja: aliuliza, akasikiliza, kisha akacheka. Kisha mrudishie ile aliyoificha mkobani, mwonyeshe kuwa mkoba wa msahafu si mahali pake, na mkaitafutie mahali pamoja.

Na lile pazia la rafu, usilinunue dukani. Nenda na mwanao mkachague kitambaa, mkampelekee bibi yake, mumuombe awashonee. Akiuliza ni la nini, msomee kisa cha kidaka cha Bibi Aisha. Tunataraji kwa idhini ya Allah kwamba akimaliza kulishona, ataswali sebuleni.

Tunamuomba Allah Aitengeneze nyumba yenu na nyumba zote za Waislamu, na Awafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu.

Na Allah Anajua zaidi.